Kumbukumbu ya Bi Saumu Iddi: Kadi Moja, Wagonjwa Wawili

Mwakeye, wasikilizaji wapendwa. Mlio jikoni, mlio sokoni, mlio kitandani kwa sababu miguu imevimba, nawasalimu wote. Punguzeni sauti za watoto, ongezeni ya redio. Leo sina muziki mwingi. Nina habari ya mtu mmoja, nami nitaisema kama ilivyo.

Bi Saumu Iddi wa Ujiji amefariki dunia. Amefariki Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Alasiri tukamzika. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Kilichomuua ni figo, na kilichoharibu figo ni ugonjwa wa sukari. Narudia, kwa sababu hata pale msibani nilisikia watu wakinong'ona habari za jicho la mtu. Hakuna jicho la mtu. Ni sukari, kisha figo. Tumechoka kuzika watu kisha kutafuta mchawi.

Wengi wenu mlimjua kwa mawese. Alikuwa akiyafuata Ilagala, anayarudisha Ujiji, anayachuja upya mwenyewe hata kama aliyemuuzia ameapa kwamba yameshachujwa. Alikuwa na kitambaa chake cheupe cha kuchujia, na hakukopesha mtu kitambaa hicho. Mteja akiinamia dumu na kunusa mara ya tatu, Saumu humwambia, "Kama ni kunusa, mwenye udi yuko upande ule." Watu walicheka na kununua.

Mwaka 1993 alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Akakonda. Macho yakaingia ukungu. Mumewe, Mzee Haruna, akampeleka kwenye zahanati moja maeneo ya Buzebazeba, wakampima, wakamkuta na sukari. Wakamfungulia kadi. Kila mwezi arudi na kadi, apimwe, apewe vidonge sitini. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Saumu alishika masharti. Mzee Haruna ameniambia kwamba mkewe aliiweka kadi ile ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na cheti cha ndoa. "Nilimuuliza kipi kati ya hivyo viwili ni muhimu zaidi," mzee akasema. "Akaniambia nisiulize maswali ambayo sitaki majibu yake."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuje kwenye mwaka 1996.

Mnaukumbuka. Mwishoni mwa mwaka ule vita viliwaka ng'ambo ya ziwa, na watu wakavuka. Walivuka kwa siku, kwa wiki, kwa miezi. Serikali ikasema wakimbizi wote waende kambini. Lakini Ujiji ni Ujiji. Nusu ya nyumba za Ujiji zina babu aliyetoka upande ule. Mtu akivuka na kusema mimi ni mtoto wa fulani, utamfukuza vipi? Wengi walikaa majumbani, kimya kimya, na kila uliposikika msako walijifungia ndani.

Nyumbani kwa Saumu aliingia Hasna. Hasna ni mtoto wa mjomba wake, kutoka mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa mdogo kwa Saumu kwa miaka minne. Alifika na kanga moja na sufuria isiyo na mfuniko, na jino moja la mbele hana, alilipoteza njiani na hakutaka kusimulia lilivyotoka. Alimwita Saumu "yaya," ndivyo wanavyomwita dada mkubwa kwao.

Wiki ya pili Hasna alianguka uani. Walipomzindua ndipo akasema: naye ana sukari. Alikuwa na dawa zake Baraka, zikabaki Baraka.

Kumbukeni utaratibu wa zahanati ile siku hizo. Kufungua kadi mpya kulihitaji barua ya mjumbe wa nyumba kumi, kwamba huyu ni mkazi. Hasna angeipata wapi? Kuomba barua ni kujitangaza. Kujitangaza ni kupanda lori la kambini. Na Hasna alikuwa amekwisha kusema kwamba lori hatapanda, maana huko hamjui mtu.

Saumu akatoa kadi yake.

Hakufanya kikao. Hasna anakumbuka kwamba Saumu alimpa kadi ile huku akichambua mchele, akamwambia mwezi huu nakwenda mimi, ujao utakwenda wewe. Ukiitwa Saumu Iddi, itika. Vidonge tutagawana, thelathini kwangu, thelathini kwako.

Kadi moja, watu wawili. Vidonge vya mtu mmoja, midomo miwili. Kila mmoja alikunywa nusu ya dozi. Mimi ni mama, najua kugawa chapati moja kwa watoto wawili. Ila chapati ikigawanywa kila mtoto anapata chapati. Dozi ikigawanywa hakuna aliyepata dozi.

Mtauliza, kwani zahanati haikuona? Je, wanawake hao walifanana? Hawakufanana. Lakini mwaka 1997 zahanati zetu zilifurika. Foleni ya watu mia mbili haitazamwi sura. Karani anatazama kadi, anaona mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kajitanda, anamwambia pita. Mizani ilikuwa imeharibika tangu mwaka uliotangulia, kwa hiyo hata uzito haukuandikwa.

Lakini mkojo uliandikwa.

Hapa nawaomba tulieni kidogo, hasa mwenye sukari, hasa mwenye mama au baba mwenye sukari. Mmewahi kuona kitambaa cha kuchujia mawese kikichakaa? Hakitoboki siku moja. Kwanza nyuzi zinalegea, na machicha membamba sana yanapenya. Mafuta bado yanaonekana masafi. Figo nazo ni hivyo hivyo. Kazi yake ni kuchuja damu. Takataka zitoke, kilicho chema kibaki. Sukari ikikaa juu muda mrefu, chujio linalegea. Kitu cha kwanza kupenya ni protini kidogo sana, inaitwa albumini. Inapenya kwenye mkojo. Wewe husikii maumivu. Huvimbi. Mkojo hauna rangi ya ajabu. Unaendelea na biashara zako. Na huo ndio wakati wa kuiwahi figo. Ukisubiri uvimbe, umechelewa.

Vijiti vya kawaida vya kupimia mkojo haviioni protini hiyo ikiwa kidogo. Vinaiona ikiwa nyingi. Lakini miaka ile, pamoja na misaada iliyokuja kwa ajili ya wakimbizi, zahanati ile ilipata vijiti vya aina nyingine, vinavyoona hata kidogo. Vilikuwa vichache. Kila mgonjwa wa sukari kijiti kimoja kwa mwezi, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi.

Mhusika wa vijiti hivyo alikuwa Bi Honorata, wa maabara. Muha wa Kasulu, sasa amestaafu, yuko hai, na juzi nilikaa naye sebuleni kwake. Yeye hakuona sura za wagonjwa. Chupa zilikuwa zinaachwa dirishani kila moja na kadi yake. Anapima, anaandika kwenye daftari. Protini ipo, au protini haipo.

Sheria ya daktari wao ilikuwa hii. Ikionekana mara moja, usikimbilie kuilaumu figo. Mtu anaweza kuwa na homa, au alibeba mizigo mizito jana yake. Rudia mwezi ujao. Ikionekana tena, anza matibabu ya figo. Isipoonekana, ilikuwa inapita tu, anza kuhesabu upya.

Januari, kadi ya Saumu Iddi: ipo. Rudia. Februari: haipo. Anza upya. Machi: ipo. Rudia. Aprili: haipo. Anza upya. Mei, ipo. Juni, haipo. Julai, ipo.

Mmeelewa tayari. Wao hawakuelewa. Kila mwezi daktari alitazama mwezi uliopita tu, na kila mwezi uliopita ulimtuliza. Siku hizi wanasema ikionekana mara mbili kati ya vipimo vitatu, na ni afadhali. Siku zile hakuna aliyesoma mstari mzima kutoka mwanzo hadi mwisho.

Aliyeusoma ni Bi Honorata, mwezi Agosti, alipokuwa akihamishia majina kwenye daftari jipya. Aliniambia kwamba kwanza alijishuku mwenyewe. Akadhani vijiti vimeingia unyevu wa ziwa. Akajipima yeye, akampima mumewe, akampima mlinzi wa zahanati, ambaye alitaka kujua amekosa nini. Vijiti vilikuwa vizima. Akarudi kwenye daftari. Ipo, haipo, ipo, haipo, kama saa ya ukutani. Akasema moyoni, figo haiendi likizo kila baada ya mwezi.

Agosti ilikuwa zamu ya Hasna. Chupa ilipofika, Bi Honorata akatoka nje ya maabara, akaita jina. Akaitika mwanamke mwembamba mwenye pengo. Honorata akapima palepale: haipo. Akamwambia mama, kesho rudi na mkojo mwingine wa asubuhi.

Hasna akarudi Ujiji. Akamwambia yaya wake, wamenijua, kesho watanikamata. Saumu akamwambia kaa, kesho nakwenda mimi.

Hilo ndilo kosa lililomwokoa Saumu, kwa kiasi alichookoka.

Asubuhi Saumu akaenda. Alibeba chupa kama alivyoibeba siku zote, imefungwa kwa jani la mgomba, ndani ya kikapu cha peke yake, ili najisi isiguse nguo ya kuswalia. Akaiweka dirishani. Bi Honorata akainua macho, akamtazama mdomoni muda mrefu.

"Dada," akasema, "jana ulikuwa na pengo. Limeota tena?"

Honorata akachukua chupa, akachovya kijiti, akasubiri. Kijiti kikageuka rangi. Akaweka kadi mezani, akamwambia Saumu aingie ndani, akafunga mlango.

Saumu ndiye aliyeanza kusema. Kila kitu akakisema: vita, mtoto wa mjomba, barua ya mjumbe, vidonge nusu kwa nusu. Hakujitetea. Aliomba jambo moja tu, Hasna asipelekwe kambini. Honorata akamwonyesha daftari: mwezi mmoja protini ipo, mwezi mmoja haipo. Saumu akajibu kwa maneno haya, Bi Honorata ameyashika mpaka leo:

"Mkojo mbaya ni wake. Amepigwa na njaa, amelala maporini, ni mgonjwa. Ukimtoa kwangu atakufa."

Honorata akamwuliza, "Huu ulioniletea leo ni wa nani?"

"Wangu."

"Una uhakika?"

"Nimeukojoa mwenyewe, mama. Wa nani tena?"

"Basi wa Hasna ni msafi," Honorata akasema. "Figo inayovuja ni yako."

Bi Honorata anasema Saumu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Akasema, "Na mimi ndiye niliyekuwa nampa pole."

Miezi minane, wasikilizaji wapendwa. Tangu Januari hadi Agosti, figo za Saumu zilikuwa zikipeleka habari kila baada ya mwezi mmoja, na mwezi uliofuata mkojo mzima wa Hasna ulifuta habari hiyo. Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya. Saumu alimficha ndugu yake. Bila kujua, alijificha na yeye mwenyewe.

Sasa Bi Honorata alikuwa na kazi. Akinyamaza, wanawake wawili wataendelea kufa kwa nusu dozi. Akisema, mmoja atapanda lori. Hakunyamaza, lakini hakwenda kwa polisi wala kwa mjumbe. Alikwenda kwa daktari wake na daftari mkononi. Daktari akasema hili ni jambo la kuripoti. Honorata akamjibu kwamba aripoti tu, ila aripoti pia kwamba mstari huu ulikaa mbele yao miezi minane na hakuna aliyeusoma. Daktari alikaa na neno hilo siku tatu. Siku ya nne kadi ya pili ikafunguliwa bila barua. Jina: Hasna. Makazi: Ujiji. Haikuwa uongo. Alikuwa anakaa Ujiji.

Kuanzia siku hiyo kila mtu alikuwa na kadi yake, chupa yake na vidonge vyake sitini. Saumu aliongezewa dawa ya presha, ile inayopunguza mzigo wa figo. Aliambiwa apunguze chumvi. Hilo lilimuuma kuliko sindano. Mwanawe Zuleha amenisimulia kwamba mama yake aliwapikia samaki, migebuka ya chumvi, akaila yake bila chumvi, akiwatazama kama wadeni.

Je, alipona? Hapana. Sitawadanganya. Nyuzi zikilegea hazikazwi tena, zinazuiwa tu zisizidi kulegea. Dawa ile ilikuwa ikikosekana mara kwa mara. Mwaka 1998 vita vikarudi ng'ambo, foleni zikarudi, na kuna miezi Saumu alisimama tangu alfajiri akarudi mikono mitupu. Hata hivyo alipata miaka kumi. Miaka kumi ya kuchuja mawese, ya kumwoza Zuleha, ya kubeba wajukuu watatu. Mwaka jana ndipo uso ukaanza kuvimba asubuhi, kisha miguu, kisha pumzi ikawa fupi. Mashine ya kusafisha damu iko mbali na sisi. Mliowahi kuitafuta mnajua.

Nilimwuliza Bi Honorata: kama mngejua Januari badala ya Agosti, angekuwa hai leo? Alifikiri. Akasema, "Sijui. Miezi minane peke yake haiui figo. Ila miezi minane ya nusu dozi, kwa figo iliyokwisha kuanza kuvuja, si kitu kidogo. Sisemi zaidi ya hapo." Namheshimu kwa kutosema zaidi ya hapo.

Saumu mwenyewe aliulizwa swali kama hilo. Aliyemwuliza ni Zuleha, mwezi uliopita, akimkanda miguu. Alimwuliza kama anajuta kuitoa kadi. Saumu akamjibu, "Ningempa tena. Ila ningemwambia yule wa dirishani mwezi upi ni wangu."

Hasna yuko hai. Nilimkuta msibani akiosha vyombo, amekataa kupumzishwa. Ana miaka hamsini na minne. Sukari yake iko vizuri. Mkojo wake haujawahi kuonyesha protini hata mara moja. Miaka miwili iliyopita ndugu zake walianza kurudi Baraka, wakamwita. Hakwenda. Alisema hawezi kumwacha yaya akiwa mgonjwa. Ndiye aliyemwogesha na kumlisha, ndiye aliyehakikisha chupa ya asubuhi inafika maabara hata pale ambapo majibu hayakuwa na la kusaidia.

Nilikaa naye pembeni ya karo. Sikumwuliza kitu. Alisema mwenyewe, bila kuacha kuosha.

"Figo zangu ni nzima, mama. Naona haya kuwa nazo."

Alinisimulia kwamba alimwambia Saumu maneno hayohayo, Jumapili ile, siku tatu kabla. Saumu alikuwa hawezi tena kuinua kichwa. Lakini ulimi ulikuwa wake bado. Akamwambia, "Acha upuuzi. Kazirudishe Baraka zikafanye kazi."

Hasna anaondoka mwezi ujao. Anakwenda na kadi yake, yenye jina lake.

Kwa niaba ya wenzangu wote hapa studioni, natoa pole kwa Mzee Haruna, aliyekaa na Saumu miaka thelathini na mitano. Pole kwa Zuleha na nduguze watano. Pole kwa wajukuu. Pole kwako Hasna, nawe ni mfiwa, mtu asikuambie vingine. Pole kwa wauza mawese wote wa Ujiji na Ilagala. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Saumu, amsamehe, na ampe makazi mema.

Nanyi mnaonisikiliza, kaeni na jambo hili. Wema wa Saumu hauna kasoro. Lakini vipo vitu vya kugawana na vipo visivyogawanyika. Chakula gawaneni. Kitanda gawaneni. Mgeni mpokeeni, Ujiji haijawahi kufunga mlango na isianze leo. Vidonge msigawane. Kadi msigawane. Kama mgeni wako ni mgonjwa na hana karatasi, nenda useme na mtu wa maabara, mtu wa zamu, mtu yeyote mwenye moyo. Wapo. Bi Honorata si wa peke yake.

Nimechoka kusoma majina kwenye kipindi hiki. Nasema kweli. Wiki hii Saumu, mwezi uliopita wawili, na hao wawili walikuja kupima figo wakiwa wameshavimba. Kama una sukari, usisubiri kuvimba. Kesho ukiamka, kabla ya chai, chukua chupa safi. Mkojo wa kwanza. Wako, si wa mwingine. Andika jina lako juu ya chupa, lisomeke. Kisha uipeleke.